Kusaidiana Masomo si Kupeana Majibu

Katika nyumba nyingi tunazozifahamu, mzazi akiona mabinti wanne au watano wameketi barazani, madaftari mapajani, wakibishana na mara nyingine wakicheka, huingiwa na shaka. Hujiuliza kama hayo ni masomo kweli au ni soga zilizovishwa joho la masomo. Shaka hiyo tunaielewa, wala hatuilaumu. Kwa mazoea yetu ya shuleni, kusoma ni mtu kujifungia na kitabu chake. Na mtihani nao hufanywa na kila mmoja peke yake, kwa namba yake. Basi wanaosoma pamoja wanapata nini ambacho aliyejifungia chumbani hakipati? Tumeona vyema tulijibu swali hilo kwa kuwaeleza wazazi na ndugu zetu yale tuliyoyapitia muhula uliopita katika somo la biokemia, tena katika zoezi moja tu la somo hilo.

Sisi ni wanafunzi watano wa mwaka wa kwanza wa masomo ya afya jijini Dar es Salaam. Mmoja wetu ni mwenyeji wa Magomeni. Wanne waliobaki tumetoka Kondoa, Tanga, Ujiji na Kilwa. Katika maelezo haya tutatajana kwa miji yetu, kwani majina hayana haja. Kila Jumanne na Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, hukutana barazani kwa mwenzetu wa Magomeni, na adhana ya magharibi ndiyo kengele yetu ya kufunga. Mama mwenye nyumba hutuachia meza, maji ya kunywa, na siku akijaaliwa, sahani ya vitumbua.

Muhula ule tulikuwa na jambo zito mbele yetu. Mwenzetu wa Kilwa alikuwa amepata alama 31 kwa 100 katika jaribio la kwanza la biokemia. Kwa kanuni za chuo chetu, ambaye wastani wake wa mazoezi na majaribio haufiki 40 haruhusiwi kuingia katika mtihani wa mwisho wa muhula, naye hulazimika kulirudia somo zima mwaka unaofuata. Kurudia kuna gharama. Baba yake ni mvuvi, naye alikwisha kuuza sehemu ya minazi yake ili kujazia ada ya mwaka ule. Minazi iliyobaki ndiyo inayolisha wadogo zake. Hakutusimulia hayo kwa kulalamika. Alitueleza siku moja tu, kwa sauti ya chini, kisha akafungua daftari.

Zoezi lililofuata lilihusu kampaundi zenye nishati nyingi. Maswali yalikuwa matatu. La kwanza: eleza kwa nini ATP, yaani adenosini trifosfeti, huitwa kampaundi yenye nishati nyingi. La pili: panga kampaundi nne za fosfeti kwa kiasi cha nishati ambacho kila moja hutoa. La tatu: onesha kwa hesabu jinsi ATP inavyoundwa mwilini na jinsi inavyotumika. Jioni moja kabla ya sisi kukutana, majibu kamili ya maswali yote matatu yalisambaa darasani kwa WhatsApp. Hatukumjua aliyeyaandika, lakini alikuwa hodari. Kila namba ilikuwa mahali pake.

Tulipoketi, karatasi ile ilikuwa katika simu ya kila mmoja wetu. Aliyevunja ukimya alikuwa mwenzetu wa Kilwa, ambaye kwa hesabu ya haraka ndiye aliyeihitaji kuliko sote. Alisema, "Wenzangu, majibu haya nayaona. Lakini hapa pameandikwa kuwa nishati hutoka pale kifungo cha fosfeti kinapovunjika. Kidato cha tatu tulifundishwa kuwa kuvunja kifungo chochote cha kemikali kunahitaji nishati. Sasa inakuwaje hiki kivunjike na kutoa nishati? Lipi la kweli?"

Barazani pakawa kimya. Mwenzetu wa Kondoa, ambaye huongoza darasa katika hesabu na kemia, alianza kujibu mara mbili, na mara mbili akakatisha maneno yake. Tukatambua kwamba swali lile halikuwa la mtu mzito wa kuelewa. Lilikuwa la mtu anayekataa kupita juu ya jambo asilolielewa, na huenda hiyo ndiyo sababu iliyomfanya asimalize karatasi ya jaribio la kwanza. Jioni ile tuliweka simu kando, tukaamua kwamba hatutagusa swali la pili wala la tatu mpaka hilo la mwenzetu lipate jibu.

Kwa msomaji asiyepitia sayansi, ATP ni molekuli ndogo iliyomo katika kila seli ya kiumbe hai. Ina kichwa kiitwacho adenosini, na nyuma yake imeburuta mkia wa fosfeti tatu zilizofuatana. Fosfeti ya mwisho inapopasuliwa kwa maji, hubaki ADP, yenye fosfeti mbili, na nishati hupatikana kwa ajili ya kazi za seli: msuli kujikunja, neva kupeleka taarifa, figo kurudisha chumvi katika damu. ATP ilitambuliwa mwaka 1929 na Karl Lohmann nchini Ujerumani, na mwaka huohuo na Cyrus Fiske pamoja na Yellapragada Subbarow, mzaliwa wa India, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1941 mwanasayansi Fritz Lipmann alichapisha makala mashuhuri iliyoeleza jinsi fosfeti hizo zinavyobeba nishati ya mwili. Humo alitumia alama ya wimbi dogo kuonesha vifungo alivyoviita vyenye nishati nyingi. Alama hiyo ingali katika vitabu vyetu hadi leo.

Ni alama yenye manufaa, lakini humfanya mwanafunzi adhani kwamba nishati imefichwa ndani ya kifungo chenyewe, mfano wa pesa ndani ya kibubu, na kwamba ukikivunja inamwagika. Hapo ndipo palipokuwa na fundo la mwenzetu wa Kilwa. Tulipekua vitabu viwili vya maktaba kwa zamu mpaka tukalipata jibu. Kuvunja kifungo hugharimu nishati siku zote. Kanuni ya kidato cha tatu ilikuwa sahihi na ingali sahihi. Lakini kifungo kile kinapokatika, vifungo vingine vipya huundwa, na vitu vinavyozaliwa huwa vimetulia kuliko ATP ilivyokuwa. Nishati tunayoipata ni tofauti kati ya hali ya mwanzo na hali ya mwisho. Wala si ya kifungo kimoja. Ni ya badiliko zima.

Kwa nini vinavyozaliwa vimetulia zaidi? Sababu kubwa ni tatu. Kwanza, mkia wa ATP una chaji hasi takriban nne zilizobanana mahali padogo, na chaji za namna moja husukumana. Fosfeti ya mwisho ikiondoka, msukumano hupungua. Pili, fosfeti iliyoachiwa huru hupata nafasi ya kuitawanya chaji yake juu ya atomu zake zote za oksijeni. Tatu, maji huzizunguka ADP na fosfeti hiyo vizuri kuliko yalivyoizunguka ATP.

Mwenzetu wa Tanga ndiye aliyelileta jambo hili barazani kwa mfano uliotufaa. Alisema, "Fikirini daladala ya saa kumi na mbili jioni, abiria wamebanana hata pumzi ni ya kuazimana. Mlango umekwama. Konda akitaka kuufungua lazima atumie nguvu. Lakini ukishafunguka na watu wakashuka, kila mmoja akapata pa kusimama, nafuu inayopatikana ni kubwa kuliko nguvu aliyotumia konda. Nafuu ile haikuwa ndani ya mlango." Mwenzetu wa Ujiji akadakia kwa kuuliza, "Na kwa nini basi ATP haipasuki yenyewe, ilhali imezungukwa na maji saa zote?" Wa Kilwa, kabla ya yeyote kufungua kinywa, akajibu, "Kwa sababu mlango umekwama. Mpaka konda aje." Konda wetu, katika lugha ya somo, ni kimeng'enya. Ikiachwa bila kimeng'enya, ATP hudumu muda mrefu majini. Na hilo ni jambo jema, maana kama ingepasuka ovyo, seli isingekuwa na uwezo wa kuamua itumike wapi na lini.

Adhana ya magharibi ilitukuta hapo. Saa mbili zilikuwa zimepita na tulikuwa tumejibu swali moja. Mzazi aliyepita njiani angeweza kusema tumepoteza jioni.

Alhamisi tulirudi kwenye swali la pili. Vitabu hupima nishati inayotolewa na kila kampaundi, fosfeti yake inapopasuliwa kwa maji, kwa kilojuli kwa kila moli, katika hali sanifu. Fosfoenolpiruveti hutoa 61.9. Kreatini fosfeti, ambayo ni akiba ya haraka ndani ya misuli, hutoa 43.0. ATP hutoa 30.5. Glukosi-6-fosfeti, yaani sukari iliyobandikwa fosfeti inapoingia katika seli, hutoa 13.8 tu. Tukiziandika namba hizo kwa kushuka, kama vipandio vya ngazi, tunaona jambo ambalo halionekani mtu akikariri tu: ATP, yenye sifa zote hizi, haipo juu. Ipo katikati.

Swali la tatu likawa jepesi. Fosfoenolpiruveti ikiipa ADP fosfeti yake ili ATP iundwe, tunatoa 30.5 katika 61.9, na panabaki 31.4, badiliko linakwenda lenyewe kama maji yateremkayo mlima. ATP nayo ikiipa glukosi fosfeti, tunatoa 13.8 katika 30.5, na panabaki 16.7, nalo linakwenda. Na mkimbiaji anapoondoka mbio, ATP iliyomo katika misuli yake humtosha kwa sekunde chache tu. Hapo kreatini fosfeti huijaza upesi, kwani 43.0 ni kubwa kuliko 30.5 kwa 12.5. ATP inaweza kupokea kutoka juu na kutoa chini kwa sababu ya nafasi yake. Kama ingekuwa juu kabisa, ingekuwa shida kuijaza; kama ingekuwa chini kabisa, isingekuwa na cha kumpa yeyote.

Hesabu hizo zilitufanya tuangaliane. Kwa wiki kadhaa tulikuwa tumemwachia mwenzetu wa Kondoa kazi ya kutufundisha, kwa kuwa alama zake ni za juu. Maelezo yake yalikuwa sahihi, lakini yaliruka hatua tatu tatu, kwa sababu kwake hatua hizo hazionekani kuwa hatua. Mwenzetu wa Tanga, ambaye alama zake ni za wastani, alikuwa amelielewa jambo hilohilo kwa taabu siku mbili tu kabla yetu, na alikumbuka vyema pale alipojikwaa. Kwa hiyo alijua pa kumshika mkono anayemfuata. Tangu hapo tukaweka utaratibu: wa Kondoa humweleza wa Tanga, wa Tanga huwaeleza wengine, na wa Kilwa ndiye hakimu, akisema "sijaelewa", hakuna anayesonga mbele. Wa Kondoa mwenyewe alikiri kuwa utaratibu huo ulimfaa, kwani maswali ya hakimu yalimrudisha kwenye mambo aliyokuwa akiyajua kwa namba bila kuyajua kwa sababu.

Vitabu vinasema pia kwamba ATP iliyomo mwilini kwa wakati mmoja ni kidogo, haifiki hata nusu kilo, ilhali mtu mzima aliyetulia hutumia takriban kilo 40 kwa siku. Inawezekanaje? Kwa sababu kila molekuli hutoa ilichonacho, ikabaki ADP, ikarudi kujazwa, sehemu kubwa ndani ya mitokondria za seli, kisha ikatoka tena, mara mamia kwa siku. Hakuna inayowekwa akiba kwa muda mrefu. Hilo nalo tulilichukua kwa adabu: aliyeeleza leo hurudi kesho kuelezwa, na hakuna aibu katika kurudi.

Jambo moja lilitokea katika wiki ya tatu ambalo hatukulipanga. Mama mwenye nyumba ni miongoni mwa wanawake wa mtaa wanaoitwa kuosha maiti wa kike. Siku ile alikuwa ametoka kumstiri jirani, akatukuta barazani, tukamwamkia. Aliketi, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Wanangu, ninyi mnaosoma habari za mwili, niambieni. Sisi tulifundishwa na wakubwa zetu kuwa mtu akifariki, mfumbeni macho, mfungeni taya, mlainisheni viungo mapema. Tukichelewa saa chache, mikono na miguu hukakamaa, inabidi tuikande taratibu kwa maji ya vuguvugu. Kwa nini? Nguvu si zimekwisha? Kisichokuwa na nguvu si kingelegea?"

Tulimtazama wa Kondoa. Wa Kondoa akamtazama wa Kilwa. Naye akaweka kalamu chini, akaanza kwa heshima, "Mama, sisi sote hudhani nguvu ni ya kukaza tu. Ndani ya msuli kuna nyuzi mbili zinazoshikana na kuvutana. Hivyo ndivyo msuli unavyokaza. Lakini zikishashikana, haziachani mpaka ATP ije kuziachanisha. Kuachia nako kunahitaji nguvu, Mama. Mtu akifariki, pumzi imekatika, ATP haitengenezwi tena, na ile kidogo iliyobaki inakwisha baada ya saa chache. Nyuzi zilizoshikana zinabaki zimeshikana. Ndiyo maana wakubwa walisema mlainishe mapema, kabla haijakwisha. Baadaye, baada ya siku moja au mbili, mwili hulegea tena kwa sababu nyuzi zenyewe zinaanza kuharibika."

Mama alitikisa kichwa polepole. Alisema, "Subhanallah. Miaka ishirini nakanda mikono ya watu, sikujua kuwa kuachia ni kazi." Kisha akaingia ndani kutia udhu.

Hatukusema neno kwa muda. Maelezo yale hayakuwamo katika karatasi ya WhatsApp, wala hatukuwa tumeyafundishana kwa mpangilio huo. Mwenzetu alikuwa ameyaunganisha mwenyewe, kutoka katika mhadhara wa misuli na zoezi letu la biokemia, mbele ya mtu ambaye hakuna karatasi ambayo ingemridhisha. Mtihani wa kweli tuliuona pale, wiki mbili kabla ya ule wa chuo.

Katika jaribio la pili alipata alama 58. Si alama ya kutangazwa mitaani, lakini wastani wake ulivuka 40, akaruhusiwa kuingia katika mtihani wa mwisho, na Alhamdulillah somo alilifaulu bila kuitwa kwenye mtihani wa marudio, ambao wanafunzi huuita "sapu". Alimpigia baba yake simu kutoka barazani palepale. Tulisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, nao ulikuwa mfupi: "Ndiyo, Baba. Nimefaulu. Minazi iliyobaki usiiguse."

Wapo wenzetu darasani walioinakili ile karatasi neno kwa neno, nao walipata alama nzuri za zoezi kama sisi. Hatuwahukumu, aliyeisambaza huenda aliamini anatenda wema, na aliyeipokea alikuwa na hofu yake. Ila tumejifunza kutofautisha. Jibu lililopokewa bila swali lake hufanya kazi mara moja, kwenye karatasi ile tu. Aliyeketi na mwenzake mpaka swali likafunguka amempa kitu atakachokitumia pale ambapo mtoaji mwenyewe hatakuwapo: katika jaribio, wodini, au mbele ya mama anayeuliza kwa nini mikono ya marehemu inakuwa migumu. Na mtoaji hapungukiwi. Hapa ndipo binadamu anapoachana na ATP, kwani ATP ikitoa fosfeti hubaki pungufu mpaka ijazwe, lakini mwenzetu wa Tanga alipoeleza habari za daladala mara ya tatu, alizijua vizuri kuliko mara ya kwanza.

Kwa wazazi tuna ombi dogo. Binti au kijana wako akikuomba ruhusa ya kusoma na wenzake, muulize watasoma wapi, na nani, na watarudi saa ngapi; hiyo ni haki yako na ni ulinzi kwake. Kisha, ikiwezekana, wape baraza lako, ili wasome machoni pako. Usitishike ukiwasikia wakibishana, wala usikate tamaa ukiona jioni nzima imeishia katika swali moja. Na siku moja moja, ukipita, simama uwaulize jambo unalolijua wewe katika kazi yako, kutoka jikoni, shambani, baharini au sokoni. Wakishindwa kukujibu, watakuwa wamejua pa kuanzia Alhamisi ijayo.